Muziki wa magemu ya kaseti: waya, emuleta au faili la chipu, uchukue ipi?

Mdogo wangu alikuja nyumbani jumapili moja, nikamwekea kwenye laptopu muziki wa Contra, ile ya kwenye TV gemu, nikijua kabisa atafurahi maana hiyo gemu tuliigombania pedi utotoni mpaka tukachapwa. Akasikiliza kama sekunde kumi hivi, akakunja uso. "Kaka, huu sio wenyewe. Unakimbia." Nikamwambia ni wenyewe kabisa, umetolewa ndani ya gemu, hajaupiga mtu upya. Akasema basi hata sauti sio, ya kwetu ilikuwa tofauti. Tukabishana pale mpaka chai ikapoa, na cha ajabu wote wawili tulikuwa sahihi, ila mimi ilinichukua wiki tatu kujua kwa nini.

Katika hizo wiki tatu nikajaribu kila njia ya kutoa muziki kwenye haya magemu ya zamani, kwahiyo mtu akiniuliza ipi bora sasa hivi siwezi kumjibu kabla sijamuuliza yeye: unataka muziki kama mtunzi alivyouandika, au kama ulivyousikia sebuleni kwenu? Maana ni vitu viwili, na njia zake haziko sawa.

Kwanza jina lenyewe la kaseti linatupoteza. Kaseti ya taarabu ina sauti imelala kwenye utepe, ukiiweka redio inasoma inatoa. Kaseti ya gemu haina wimbo ndani, ina maelekezo: chaneli ya kwanza piga noti hii, kwa nguvu hii, kaa hapo kidogo, nyamaza. Anayepiga ni chipu iliyomo kwenye mashine. Famicom iliyotoka Japani mwaka 1983, na NES ambayo ni hiyohiyo kwa wenzetu wa Marekani na Ulaya, chipu yake ni Ricoh 2A03 (ya Ulaya ni ndugu yake, 2A07) na ina chaneli 5 tu. Mbili za mawimbi ya mraba ambazo ndo zinabeba melodi, moja ya pembetatu ambayo mara nyingi wanaipa besi, moja ya kelele kwa ajili ya ngoma, na moja ya sampuli, yani vipande vifupi vya sauti iliyorekodiwa. Bendi ya watu watano wanasoma karatasi, kaseti ndo karatasi. Sasa wewe unarekodi bendi ikipiga, au unachukua karatasi?

KUREKODI KWA WAYA TOKA KWENYE MASHINE YENYEWE

Hii ndo ya kwanza kila mtu anaifikiria na ndo niliyoanza nayo mimi. TV gemu ninayo bado, hizi feki za miaka ile zilizoiga Famicom, zenye kaseti za njano, nyuma ina tundu la njano la picha na jeupe la sauti. Nikanunua waya wa kutoka tundu jeupe kwenda jeki ndogo, nikachomeka kwenye laptopu tundu la maiki, nikafungua Audacity, programu ya kurekodi sauti, nikabonyeza rekodi. Kilichotoka ni kama mtu anakwangua sufuria. Kumbe tundu la maiki linasubiri sauti dhaifu sana ya mtu anaongea, wewe unaliingizia sauti yenye nguvu ya kwenda kwenye TV, lazima ipasuke, na hata ukishusha kwenye kompyuta haisaidii kwa sababu imeshapasukia mlangoni. Pia laptopu nyingi hilo tundu ni la upande mmoja tu, mono, kwa NES sio tatizo maana yenyewe ni mono, ila kwa Mega Drive, mashine ya Sega yenye stereo, utalia.

Dawa yake ni kidude cha nje cha kuingizia sauti kwa USB. Mimi niliazima Behringer UCA202 kwa rafiki yangu anayerekodi kwaya, ina matundu yaleyale ya mviringo ya waya za TV kwahiyo unachomeka moja kwa moja bila kubadilisha kitu. Weka sauti mistari isipande zaidi ya desibeli -6 hivi, rekodi WAV, yani sauti isiyobanwa, mp3 utafanya mwisho. Hapo ikatulia, ila nikasikia mvumo chini, mmmmm, hauachi. Nilihangaika nao siku mbili, nikabadilisha waya, nikahamisha TV, mwisho nikachomoa chaja ya laptopu kwa hasira na mvumo ukapungua kwa zaidi ya nusu. Ndo hivyo, mashine na laptopu zote zikiwa kwenye umeme wa ukutani zinatengeneza mzunguko wao na unausikia. Laptopu iende kwa betri wakati unarekodi, basi. Uliobaki ni wa adapta ya TV gemu yenyewe, huo hauondoki bila kubadilisha adapta.

Lakini mvumo sio kasoro kubwa ya hii njia. Kasoro kubwa ni kwamba lazima ucheze gemu, na ukicheza gemu inapiga kelele zake. Kumbuka chaneli ni 5, hakuna ya sita. Ukifyatua risasi, mlio wa risasi lazima utoke kwenye mojawapo ya hizohizo, yani mmoja wa wale watano anaacha kupiga wimbo, anapiga risasi, afu anarudi kwenye mstari wake. Ukisikiliza kwa makini unasikia kabisa wimbo unatoboka toboka. Huwezi kuondoa risasi baadaye kwa Audacity, maana chini ya ile risasi hakuna melodi iliyojificha, haikupigwa. Unasema basi nisimame tu nisifanye kitu, sawa, kwenye Contra simama uone, jamaa wanakuja wanakugonga unakufa, na kufa nako kuna mlio wake.

Yale magemu yenye menyu ya kujaribia sauti ndo yanakuokoa, unachagua wimbo unapiga mpaka unachoka. Hayako yote ila yapo mengi kwenye Mega Drive na SNES (mashine ya Nintendo iliyofuata NES), tafuta kwanza kwenye sehemu ya options kabla hujajitesa.

Na kabla ya yote hayo, acha kupuliza kaseti. Najua, wote tulipuliza. Mate yanaingia kwenye zile pini yanazioza taratibu. Chukua pamba ya masikio na spiriti, sugua taratibu, subiri ikauke.

EMULETA

Emuleta ni programu inayoiga mashine ya gemu, kwahiyo hapa bendi inapiga ndani ya kompyuta. Mesen na FCEUX kwa NES, Snes9x kwa SNES, BlastEm au Genesis Plus GX kwa Mega Drive. Mesen na FCEUX zina sehemu ya kurekodi sauti moja kwa moja kuwa WAV, hakuna waya, hakuna mvumo, hakuna chaja. Umeme ukikatika laptopu inaendelea. Gharama ni sifuri kama kompyuta unayo.

Tatizo la risasi liko palepale, gemu ni ileile. Ila una vitu vya kujisaidia, unaweza kuseti usife, unaweza kusevu mahali popote ukarudi sekunde moja kabla wimbo haujaanza, na la muhimu zaidi unaweza kuzima chaneli ukabakiza unayoitaka.

Kinachohitajika ni nakala ya gemu kama faili, na ukitaka kuitoa kwenye kaseti yako mwenyewe kuna vifaa vya kusomea kaseti. GBxCart RW kwa Game Boy, ile mashine ya mkononi ya Nintendo, Retrode kwa SNES na Mega Drive ambayo kompyuta inaiona kama flashi tu, na kuna Cart Reader ya sanni ambayo mchoro wake uko wazi fundi anaweza kukuundia. Kwa kaseti zetu za njano zile za "magemu milioni kwa moja" usipate presha, ukiifungua ndani unakuta doa jeusi la gundi badala ya chipu zenye miguu, wiring zake kila kiwanda na ya kwake, vifaa vingi havitaielewa.

FAILI LA CHIPU

Hii ndo niliyomwekea mdogo wangu. Hapa unachukua karatasi peke yake, gemu unaacha. Kila mashine na faili lake, na jinsi yanavyopatikana hayafanani kabisa, watu wanayachanganya.

NSF ni ya NES, maelezo yake aliyaandika Kevin Horton. Ndani yake kuna kile kipande cha programu ya gemu kinachopiga muziki pamoja na data za nyimbo, mbele yake kuna kichwa cha baiti 128 kinachosema nyimbo ziko ngapi, zinaanzia wapi, na mpigaji aitwe kila baada ya muda gani. Faili moja nyimbo zote za gemu, na mlio wa risasi hauingilii maana hakuna anayefyatua. Ukubwa wake mara nyingi ni makumi ya kilobaiti, yani muziki wote wa gemu ni mwepesi kuliko picha moja ya WhatsApp, wakati dakika tatu tu za WAV ya kawaida ni kama megabaiti 32. Kwa mtu wa bando hilo sio jambo dogo. Ila kutengeneza NSF mwenyewe ni kazi ya mtu anayesoma kodi ya 6502, lugha ya prosesa ya NES, lazima uvizie ndani ya gemu ni wapi wimbo unaanzishwa na wapi unasukumwa. Mimi sijui, nilitumia zilizotengenezwa na watu.

SPC ya SNES ni kitu kingine kabisa. SNES ina kompyuta ndogo ya pili ya sauti, chipu SPC700 ya Sony aliyoibuni Ken Kutaragi, ina memori yake ya kilobaiti 64 na chaneli 8 za sampuli. Wimbo ukianza, kila kinachohitajika kiko kwenye hizo kilobaiti 64. Kwahiyo SPC ni kama picha ya mnato, unaganda hiyo memori pamoja na hali ya chipu unaisevu, baiti 66,048, wimbo mmoja faili moja. Snes9x ya Windows inafanya hiyo kutoka kwenye menyu, mtoto wa darasa la tano anaweza. Ujanja ni kubonyeza wimbo unapoanza tu na hakuna mlio mwingine unaolia, la sivyo unabeba na ule mlio. Kuna magemu machache yanaendelea kumimina sampuli mpya wakati wimbo unapiga, hayo picha moja haitoshi na wimbo utaharibika katikati.

VGM, inayotumika sana kwa Mega Drive, haichukui programu wala memori, inaandika kila amri iliyotumwa kwa chipu na ilitumwa saa ngapi, kwa vipimo vya sehemu 44,100 kwa sekunde. Yani ni katibu wa kikao. Akisikia risasi anaiandika nayo. Kwahiyo hapa unarudi kwenye menyu ya kujaribia sauti, unawasha kurekodi VGM kwenye emuleta kama Kega Fusion au BlastEm, unaacha wimbo uzunguke mara mbili afu unakata. GBS ya Game Boy inafanana na NSF, siongezi.

Kuzipiga ni rahisi, VLC inazijua nyingi, foobar2000 na plagini, NSFPlay, VGMPlay. Na zote unaweza kuzigeuza WAV. Jambo moja tu la kuzoea: nyimbo hizi hazina mwisho. Zinazunguka milele kwa sababu kwenye gemu zilitakiwa zikusubiri mpaka umalize levo. Usipoweka kikomo unaweza kuacha inageuza ukarudi ukakuta diski imejaa, nimefanya. Weka mizunguko miwili na kufifia sekunde 8 hadi 10, inatosha.

Kuna watu pia wanageuza kuwa MIDI. Unapata noti bila sauti, nzuri kama unataka kujifunza kinanda, kwa kusikiliza haifai, zile noti zinazorukaruka haraka ili zisikike kama zimepigwa pamoja zinageuka fujo.

SASA IPI KWA MASHINE IPI

SNES sioni kwa nini mtu ahangaike na waya. Sauti yake inatengenezwa kidijitali ndani kwa 32 kHz, na emuleta za leo zinaitoa karibu sawasawa na chipu. Chukua SPC uende ukalale.

Mega Drive kuna ubishi wa haki. Chipu yake ya Yamaha YM2612 ina chaneli 6 za FM (sio ya redio, ni njia ya kutengeneza sauti), pembeni kuna chipu nyingine ndogo ya mawimbi ya mraba, na ile YM2612 ina ukwaruzo wake sauti inapokuwa ndogo ambao watu wengine wanaupenda kuliko usafi. Mashine za toleo la kwanza zina tundu la hedifoni mbele na swichi ya kutelezesha sauti, stereo inatoka hapo tu, tundu la nyuma la TV ni mono. Kama unayo hiyo, waya unalipa. Kama unayo toleo la pili iliyochoka, VGM itakuwa safi kuliko hiyo mashine yako, na kuna emuleta ya chipu inaitwa Nuked OPN2 ambayo imejengwa kwa kuangalia picha za ndani za YM3438, ndugu wa karibu wa hiyo chipu.

Game Boy ya kwanza, ya 1989, kwa waya ndo rahisi kuliko zote. Inatumia betri nne za AA, kwahiyo ule mzunguko wa umeme haupo, ina jeki ya hedifoni ya stereo, unachomeka kwenye kidude cha USB unarekodi. Ina kelele yake nyembamba ya nyuma, sio mbaya. Usije na Game Boy Advance SP, haina tundu la hedifoni.

Famicom ya Japani ina mtego mmoja. Kaseti zake zilikuwa na njia ya kupitisha sauti, kwahiyo kampuni zingine ziliweka chipu ya ziada ndani ya kaseti. Konami iliweka VRC6 kwenye Akumajou Densetsu mwaka 1989, chaneli tatu za nyongeza, bendi ya watu wanane badala ya watano, wakati toleo la nje la gemu hiyohiyo lilibaki na watano. Hapo unapotafuta NSF hakikisha umechukua ya Japani na kipigio chako kinaijua hiyo chipu, ukisikia wimbo una mapengo ujue kuna wapigaji hawajaitwa.

Na kama wewe ni mtu wa biti, unataka vipande ukaviingize kwenye singeli au chochote, usirekodi mchanganyiko mzima, hautaupasua tena. Kwenye NSFPlay zima chaneli nne bakiza moja, geuza WAV, rudia mara tano. Zote zinaanzia sehemu moja kwahiyo ukizimwaga kwenye programu ya biti kama FL Studio zinakaa zenyewe kwenye mstari. Besi ya pembetatu peke yake ni kitu kitamu sana, ilivyo nguvu yake haipandi wala haishuki, inawaka inazimika tu. Ila ukitaka kuuza, ruhusa ya mwenye muziki iko palepale, kurekodi kwa waya wako mwenyewe hakukufanyi uwe mtunzi.

NYINYI MNAOSEMA UNAKIMBIA

Nirudi kwa mdogo wangu. NES ya Marekani na Japani inapiga muziki ikifuata TV, kama mara 60 kwa sekunde. TV zetu zilikuwa za mfumo wa PAL, 50 kwa sekunde, na mashine feki zilizouzwa huku zilitengenezwa kwa ajili ya hizo TV. Mpigaji anaitwa mara 50 badala ya 60, basi wimbo wa dakika moja unachukua sekunde 72. Sisi tulikua tukiusikia polepole. NES halali ya Ulaya ilikuwa na saa ya ndani ya chini zaidi, kama gemu halikurekebishwa hata noti zinashuka zaidi ya nusu toni, lakini mashine feki saa yake ilikuwa megahezi 1.773 dhidi ya 1.790 ya asili, noti karibu zilezile. Yani polepole bila kushuka. Ndo maana alisema unakimbia, hakusema uko juu. Sikio la yule mtoto.

Na ile sauti tofauti? Baadhi ya hizo mashine feki zilikosewa kwenye chipu, upana wa wimbi la mraba wa robo na wa nusu umebadilishana. Sauti iliyotakiwa iwe nyembamba ya puani inatoka nene yenye uwazi, na nene inatoka nyembamba. Utoto wetu mzima tumesikiliza wapigaji wawili waliobadilishana vyombo.

Kwa ajili ya kumbukumbu hiyo huhitaji waya wala kutafuta mashine nzima mtandaoni kwa bei za kukomoa. Mesen ina mahali pa kuchagua aina ya mashine, unaweka Dendy, ambayo ni jina la mashine feki iliyouzwa sana Urusi na mwendo wake ni huohuo wa zetu, afu kwenye sauti kuna sehemu ya kutiki ili mawimbi ya mraba yabadilishane kama mashine feki za zamani. Nikafanya hivyo, nikamrekodia, nikamtumia. Akajibu kwa voice note anacheka, huo sasa, huo ndo wenyewe, afu akanyamaza kidogo akasema lakini kuna kitu bado hakipo, sijui ni nini.

Nikafungua ile rekodi yangu ya kwanza ya waya, nikakata sekunde za mwanzo kabla gemu halijaanza, ule mvumo wa adapta peke yake, nikauweka chini ya wimbo mzima kwa sauti ndogo, nikamtumia tena.